Jina la Mdogo Wangu

Tulipofika Kampala kutoka Kongo tulipanga chumba kimoja mtaa wa Namuwongo, karibu na reli. Baba alishona nguo barazani kwa cherehani ya kukodi, mama akazunguka mjini kuuza vitenge. Sote tulikuwa Wakatoliki, lakini baada ya muda baba aliacha kwenda misa. Hakugombana na mtu. Jumapili tulipotoka, yeye alibaki chumbani akisoma Biblia yake kwa sauti ya chini.

Nilijua jambo hilo lilikoanzia. Tulipokuwa tukikimbia vita, mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alikufa njiani kwa homa. Hapakuwa na padri wala katekista. Baba aliazima jembe, akachimba kaburi pembeni mwa shamba la mihogo la watu tusiowajua, kisha akafungua Biblia, akasoma na kuomba mwenyewe. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye aliinama ili kurasa zisilowe. Tangu siku hiyo alisadiki kwamba Mungu huzungumza na mtu moja kwa moja kupitia Kitabu, na kwamba yasiyoandikwa humo ni mapokeo ya wanadamu tu.

Mama hakujua kusoma. Imani yake yote aliipokea kwa masikio, kutoka kwa bibi yake, kwa katekista wa kijijini, na katika nyimbo. Kila Novemba parokia yetu iliwaombea marehemu, na waumini walisimama mmoja mmoja wakataja majina ya watu wao. Mwaka ule mama alitaka mtoto wake atajwe, na alitaka baba awepo.

"Nionyeshe palipoandikwa kwamba tuwaombee wafu," baba alimwambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Katekista anasema pameandikwa, Papa," mama alijibu; ndivyo alivyomwita baba. "Ila katika vitabu ambavyo Biblia yako haina."

"Na nani aliyeamua vitabu gani viwemo na vipi visiwemo?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe," mama alisema. "Mimi nilidhani ni kanisa."

Baba alicheka bila kupenda. Kisha cherehani ikanyamaza. Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye sinia, nikainua macho, maana uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mimi nilimwombea, Mama," alisema. "Nilisoma pale kaburini mpaka sauti ikakauka. Sasa unataka padri amwombee upya. Kwani sala yangu ina kasoro gani?"

Sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lilimuuma hivyo. Nadhani hata mama hakujua. Alikwenda akaketi karibu naye, kwenye kigoda cha wateja.

"Haina kasoro," alisema. "Kila siku namshukuru Mungu kwa sala ile. Lakini tulikuwa peke yetu. Ulipomaliza, walioitikia amina ni mimi na huyu mtoto tu. Nataka watu wamwitikie mwanangu. Wawe wengi."

Baba alichukua kitambaa, akakilinganisha, akakiweka tena chini.

Jumapili ya kuwaombea marehemu ilipofika, alivaa koti lake na kutoka pamoja nasi. Alikaa mwisho wa benchi, mikono magotini, na nyimbo hakuimba. Zamu yetu ilipofika mama alisimama. Alifungua kinywa, lakini jina halikutoka. Akajaribu tena, likakataa. Watu walingoja kwa utulivu. Nilikuwa nimeanza kuinuka nimsaidie, nikamwona baba amekwisha simama. Alimshika mama mkono, akalitaja jina la mdogo wangu kwa sauti ya kujaza kanisa, majina yote mawili, kama tulivyoyatamka nyumbani kwetu.

Waganda, Wakenya, Wakongo, kanisa zima likaitikia. Baba aliketi polepole, akafunika uso kwa viganja, na mama akamwekea mkono mgongoni hadi misa ilipokwisha.

Tulirudi kwa miguu tukifuata reli. Tulipokaribia nyumbani, baba alisema, "Bado sijaona palipoandikwa."

"Najua," mama alisema. "Asante kwa kuja."

Baba hakurudi kanisani jinsi jamaa walivyotumaini. Sasa wanaishi Kyebando, mtaa mwingine wa Kampala, na Jumapili nyingi bado anasoma nyumbani. Ila Novemba huwa hamngoji mama amwambie. Hulitoa koti mwenyewe na kulipiga pasi. Jioni mama humwomba amsomee Injili. Baba husoma, kisha huuliza, "Hapa katekista wenu aliwafundishaje?" Mama humweleza, naye husikiliza, hukataa nusu, hukubali nusu, na mara nyingine, nikiwa nimewatembelea, wanabishana hadi chai inapoa, mimi nikainuka kwenda kuipasha moto.