Mume Wangu Mnamlilia, na Yuko Hapa Anakunywa Chai

Admin, ficha jina langu, na usiweke picha yoyote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Kiplombe hapa Eldoret, nauza maziwa na mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Nawaandikia nyinyi wafuasi wa page hii kwa sababu mmekuwa mkimlilia mume wangu tangu zile tuzo za muziki, na mume wangu hajafa.

Mnaikumbuka ile sherehe. Yule dada aliyeshinda alipanda jukwaani na kofia ya mwanamume kichwani, kama ile ya mume wangu, akapiga magoti, akasema tuzo ni ya mwalimu wake aliyemfundisha kuimba, kwamba Mungu alimpenda zaidi akamchukua. Picha ya mume wangu ikatokea kwenye skrini kubwa pamoja na za wasanii waliotangulia. Ukumbi wote ukasimama. Tangu hapo mmegawanyika humu. Wengine mnasema machozi yake yalikuwa ya kamera, wengine mnasema wenye wivu wanywe maji baridi. Kuna mmoja aliuliza mjane yuko wapi, mbona hata hakualikwa. Mjane ni mimi. Wakati huo nilikuwa kwenye kochi namfuta mume wangu kidevu, maana kikombe kilikuwa kimemponyoka.

Stroke ndiyo ilimnyamazisha. Ilimchukua mkono na mguu wa kulia, na sauti ya kuimba ikaenda, akabaki na ya kuongea tu. Mwanzoni wenzake walijaa kwetu, kisha wakaanza kupungua mmoja mmoja. Tukatoka mjini tukahamia huku Kiplombe, namba yake ya simu ikapotea, na watu wakaacha kuuliza; nadhani hapo ndipo uvumi wa kifo ulipoanzia. Huyo dada nilimlea kama binti yangu. Alikula ugali kwangu wakati hakuna aliyemjua, lakini tangu tuhamie Kiplombe hajakanyaga. Watu husema simlaumu mtu. Mimi namlaumu.

Siku ile ya tuzo nilicheka kwanza. Nikachukua simu niandike comment kwamba jamaa yuko hai na amemaliza chai. Mume wangu akanishika kwa ule mkono mzima.

"Wacha," akasema. "Usiwaambie. Hawa watu hawajawahi kunipenda hivi nikiwa mzima."

Nilidhani ni utani, maana ni mtu wa utani. Kumbe alimaanisha. Sasa kila asubuhi ananiomba nimsomee comments zenu, na mtu akiandika kwamba wimbo fulani ulichezwa kwenye harusi yake, ananiambia nirudie. Redio zinapiga nyimbo zake tena. Anatabasamu vile sijamwona akitabasamu tangu augue, na hiyo ndiyo inanimaliza nguvu.

Kwa sababu amekataa kwenda hospitali kufanya mazoezi ya mguu. Anasema ataonekana. Alikuwa ameanza kufika kwa geti na fimbo yake, polepole. Sasa mapazia hayafunguliwi, na jirani akipiga hodi yeye anajikokota hadi chumbani. Mguu umerudi kuwa mgumu. Wateja wangu wananipa pole na mimi najibu asante. Mara ya kwanza nilisema asante kwa kukosa la kusema. Sasa ni uongo, na ninaujua.

Nilitafuta namba ya yule dada nikampigia. Nilipomwambia yuko hai, alilia, na hayo machozi mimi niliyaamini. Halafu akashusha sauti.

"Mama, mashabiki wakijua watanimaliza. Tupitishe kwanza tamasha la Jumamosi."

Ndiyo, lile tamasha la kumkumbuka, hapa hapa Eldoret. Anataka niketi mbele, nimevaa nyeusi. Hakuomba hata kumsalimia. Nilipomweleza mume wangu nikitarajia akasirike, aliniuliza kama nguo nyeusi ninayo.

Lakini mama yake ndiye aliyenifanya niandike. Anaishi Chepsaita, na habari alizipata kwa redio. Nilipompata kwa simu alikuwa ameshanyoa nywele, kama mama zetu wa zamani wanavyofanya wakipoteza mtoto. Nikamwambia, mama, ni makosa, mwanao yuko hapa.

"Kama yuko, mpe simu."

Nikamwekea simu sikioni. Nilimsikia mama akimwita jina lake la utotoni, mara moja, tena, na tena. Mume wangu alikuwa anatokwa na machozi hadi shingoni, na hakufungua mdomo. Alijua mama akimsikia atatangaza Chepsaita nzima kwa furaha. Nikairudisha simu kwangu. Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimeficha maiti ya mwanawe, na kesho anakuja na wanawe wengine kuichukua azike kwao.

Nilimwambia mume wangu, huyo ni mama yako aliyekuzaa. Akanijibu kwamba nikiwaambia watu yuko hai, watafurahi siku moja, kisha watamsahau tena, na hiyo mara ya pili hataiweza. Nimeona mwenyewe walivyomsahau.

Sijui kama mguu wake utangoja Jumamosi ipite. Sijui nitamwangaliaje yule mama mzee wa watu na kichwa chake kilichonyolewa akiwa mlangoni kwangu. Nimechoka kupewa pole ya mtu ninayempikia.

Wengine wenu mshajua ni nani. Sitawakataza kusema, labda ndiyo maana nimeandika. Ila kabla hamjarudi kubishana ni nani alilia kwa kweli, jueni kesho asubuhi, kabla mama yake hajafika, ataniomba nimsomee comments kama kawaida. Nitamsomea za hapa. Kwa hivyo msinijibu mimi. Mjibuni yeye, anawasikia: atoke chumbani, au asitoke?