Walinitoa Mie Wakachukua Mpira

Hadithi hii inaniaibisha. Nimeshajaribu kuisimulia kwa namna isiyoniaibisha, ikawa fupi mno, watu wakaniuliza ndiyo imeisha? Basi naitoa yote. Ni habari ya jinsi nilivyotolewa timu moja nikapelekwa timu nyingine, na badala yangu timu yangu ikapewa mpira. Na aliyehangaika kuliko wote ili jambo lile likamilike ni mie mwenyewe.

Timu yetu ilikuwa ya mpira wa kikapu, vijana wa Usagara, hapo Tanga mjini. Ilikuwa miaka ile ya dhiki. Sukari kwa foleni, sabuni kwa kujuana, na ukivaa shati jipya watu wanakuuliza umepita saa ngapi mpakani Horohoro. Mpira wetu ulikuwa mmoja, umeshonwa na kushonwa tena na fundi viatu mpaka ukaota nundu. Ukidunda upande wa nundu unakwenda kwa mashabiki. Wachezaji wetu walishauzoea, wanaujua kama mtu anavyomjua punda wake mkorofi. Shida ilikuja tukicheza ugenini na mpira mzima, wa duara. Hapo watu wetu wanapotea, mkono unangoja nundu na nundu haiji.

Mie nilikuwa mchezaji wa akiba. Darasa la saba nilishamaliza, mchana namsaidia fundi baiskeli, jioni naenda uwanjani, navaa jezi, nakaa. Kocha alisema ataniingiza siku tukiwa tumeshinda sana au tumefungwa sana, mradi nisiharibu kitu. Lakini siye tulikuwa watu wa wastani. Tunashinda kidogo, tunafungwa kidogo. Msimu mzima ukapita hivyo, na wa pili ukaanza.

Nyumbani nilikuwa nakaa na bibi yangu, mzaa mama. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo ananiita mume wangu na ananisema anavyotaka.

"Mume wangu," anasema huku ananing'iniza jezi kambani, "hii nguo naifua kwa nini? Haina hata jasho."

"Mke wangu, ipo siku utakuja uwanjani mwenyewe, uone mumeo anavyocheza."

"Siku hiyo niambie mapema nivae kanga mpya. Kama kanga zitakuwa zimerudi madukani."

Basi hicho ndicho nilichokuwa nakitaka duniani. Bibi aje, akae, anione nacheza, aache kunusa jezi.

Sasa mtu akikaa benchi jioni zote hizo afanye nini? Mie nilikuwa nasema. Ng'ambo ya reli kulikuwa na timu nyingine, na ndani yake kulikuwa na jamaa mmoja mrefu, mrefu kweli, akiingia mlango anauinamia kwanza. Babu yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akaoa hapa hapa. Na siye watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Naweza kumwambia neno lolote, hata msibani, na akikasirika aibu ni yake. Huyu jamaa akichezewa rafu, refa anampa mitupo ya bure, anasimama mstarini peke yake, uwanja wote kimya. Hapo ndipo mie ninapopata nafasi yangu.

"Mtani," namwambia kutoka benchi, taratibu tu, "babu yako alifika Tanga kwa miguu. Wewe mpira wako hata kikapuni haufiki?"

Mabega yanaanza kumtikisika. Anajikaza. Anarusha, chuma, mpira nje. Wa pili namwambia, "Usirushe kama unarusha mkonge kwenye lori, mtani, hapa hakuna nyapara." Nje tena. Ananigeukia anacheka mpaka machozi, ananitishia kwa kidole. Mie sikuyatia maanani. Niliona napoteza wakati tu, kama mwingine anavyochokonoa meno.

Siku moja kiongozi wa timu ile akaja dukani kwa mwenyekiti wetu. Mwenyekiti alikuwa Mpemba, mtu mwema, na duka lake siku zile lilikuwa na chumvi, viberiti, na yeye mwenyewe. Yule mgeni akasema wao wamepata mipira miwili mipya kutoka Mombasa. Wako tayari kutupa siye mmoja. Wanamtaka mchezaji wetu mmoja. Mwenyekiti akadhani watamtaja nahodha. Wakanitaja mie.

Nilipopata habari sikulala kwa furaha. Nikajua kesho tu nahama. Kumbe sijui vikao.

Kikao cha kwanza kilikaa kwenye baraza ya duka, na mwenyekiti alianza kwa kuogopa.

"Yakhe, mie nauliza. Kumtoa mtu ukapokea kitu, huo si ulanguzi? Watu wanakamatwa kwa mafuta ya taa, siye tukamatwe kwa mtu?"

"Huyu si bidhaa," akasema katibu.

"Ndiyo nasema. Bidhaa ningejua pa kuificha."

Wakaahirisha. Kikao cha pili kikavunjika kabla hakijaanza, sukari ya mgao ilifika duka la kaya na wajumbe wote wakakimbilia foleni, mwenyekiti akiwa wa mbele. Huku mie nakwenda mazoezini kila jioni, na kila jioni nakaa. Nikamfuata kocha.

"Kocha, hunichezeshi."

"Sikuchezeshi."

"Basi niachie niende."

"Sikuachii."

"Kwa nini?"

"Nakuhitaji."

"Wa nini, kocha, na hunichezeshi?"

Akapuliza filimbi, mazoezi yakaendelea. Niambie we msomaji, mtu kama huyo unamfanya nini? Hakutumii na hakutoi. Kuna watu wana redio mbovu ndani, haisemi, na ukiwaomba wanakunyima.

Ikapita miezi. Mambo yakaanza kugeuka nchini, mizigo ikaanza kuingia mchana kweupe, na neno likawa moja tu kila baraza: ruksa. Duka la mwenyekiti likaanza kujaa, sabuni za kunukia, betri, kandambili za rangi. Hofu yake yote ikamtoka. Akaitisha kikao cha tatu mwenyewe na kusema siku hizi kila kitu ruksa, hata hili. Na mie nikaenda, nikakaa kizingitini nisikie wanavyoniamua.

Nahodha wetu alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa. Yeye alitaka mpira. "Tutoe. Huyu hachezi, mpira unacheza."

Mjumbe mmoja akauliza, "Wakimchukua akawa mkali je, akaja akatufunga?"

Wakacheka, na walicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni adabu.

"Sasa kama hawezi," akasema yule yule, "wanamtakia nini?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikaa pale katikati ya kikao kama mgeni aliyekaribishwa halafu asipewe hata maji. Mie ningelijibu ningeokoka. Badala yake nikasimama pale kizingitini, nikasema, "Wameona kipaji, nyie mmezoea tu."

Kocha akaniangalia kwa huruma. "Tukimtoa huyu," akasema, "tutapata mpira, tutakosa mdomo."

Nikaona ananitukana mbele ya watu. Nikamjibu kwamba mdomo hauvai jezi. Mwenyekiti akasema wanaotaka mpira wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka yote, isipokuwa wa kocha. Na wangu ulikuwa juu, ingawa sikuwa mjumbe.

Mpira ukaja kesho yake, wa rangi ya chungwa, unanuka duka. Watu wa Usagara walikuja kuushika kama wanamtazama mtoto mchanga. Mie nikavuka reli na kandambili zangu.

Kule nilipokelewa vizuri mno, na hilo nalo lingetosha kunishtua. Nikapewa jezi. Ilikuwa ya yule mtani, ya zamani, inanifika magotini, lakini jezi ni jezi. Mazoezini nikadunda, nikakimbia, nikarusha kutoka mbali ambako hakuna aliyeniomba nirushe. Kocha wao akasema, "Vizuri." Akasema vizuri kwa kila kitu, hata nilipoanguka.

Mechi ya kwanza ikapangwa dhidi ya timu yangu ya zamani. Nikamwambia bibi. Kanga zilikuwa zimerudi madukani, akavaa mpya, akachukua kigoda chake, akakaa pembeni ya uwanja upande wetu, mkoba mapajani. Nikamwamkia shikamoo mbele ya watu. Akaitikia marahaba, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo naisubiri hiyo jezi, mume wangu. Nataka ije imelowa."

Mpira ukaanza. Mie benchi. Sawa, kipindi cha kwanza. Wenzangu wa zamani walicheza na mpira wao mpya, na mikono bado inatafuta nundu. Hata hivyo walijitahidi, wakamchezea mtani rafu wanavyojua. Mtani akaenda mstarini. Uwanja kimya. Akanitazama pale benchi, akatabasamu, akarusha. Ndani. Wa pili, ndani. Wakamchezea tena, akaenda tena. Ndani, ndani. Sikuwahi kumwona mtu akirusha kwa raha namna ile, kama anatia sukari kwenye chai.

Nikamfuata kocha wao. "Niko tayari."

"Najua. Kaa."

Kipindi cha pili nikamfuata tena. Bibi ameshabadilisha miguu mara ngapi sijui. Nikamwambia, "Kocha, bibi yangu yupo pale."

"Anakaribishwa. Kaa."

Nikaona basi nifanye ninachokijua. Nahodha wetu wa zamani, kaka yangu, akaja na mpira karibu na benchi. Nikasema, kwa sauti ile ile yangu, "We kaka, unadunda mpira au unamtuliza mtoto?"

Akasimama. Na mpira mkononi, mechi inaendelea, akasimama.

"Unasema na nani?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa baba yako mkubwa si mtani wako, huyo ni kaka, unamwamkia. Watu wa Usagara, walionizoea, walinitazama kama nimetema mate msikitini. Nikasema, "Samahani kaka." Refa mwenyewe akatikisa kichwa. Upande ule nilikuwa nimezungukwa na kaka, wajomba na watoto wa baba mdogo, na mtani wangu pekee alikuwa amevaa jezi kama yangu. Nikafumba mdomo mpaka mwisho.

Wakatufunga. Nasema wakatufunga, maana moyoni bado nilikuwa Usagara. Sisi wa ng'ambo ya reli tulishinda sana, ushindi ule ambao kwa kocha wangu wa zamani ningeingia. Kocha mpya alinitazama, akatazama saa, hakuniingiza.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilimwendea. Niliuliza nimekosea nini.

"Hujakosea," akasema, na alikuwa mtu mkweli, simlaumu. "Umecheza vizuri sana. Ukikaa hapo na mdomo umefumba, umeshacheza."

Mtani akaja anajifuta jasho, akanishika bega. "Mie ndiye niliyewaomba wakuchukue, mtani. Usiku nilikuwa nalala nakusikia. Narusha ndotoni na bado nakosa kwa ajili yako." Akacheka kile kicheko chake. Mie sikucheka. Nilitaka kumtukana na utani wenyewe ukanikataa.

Akaenda kumwamkia bibi, akamweleza yote, anafurahi, anadhani ananisifu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia ee, ee.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mie nimebeba kigoda. Tukafika uani. Bibi akaninyang'anya ile jezi ndefu, akaipapasa sehemu ya kwapa, kavu, akaitundika kambani bila kuifua.

"Mume wangu," akasema, "kumbe siku zote zile ulikuwa unacheza. Benchi umeanza kukaa leo."