Sanda Ndani ya Buti

Wenzangu, kama kuna wa kunicheka basi anicheke sasa hivi amalize, maana mkasa wenyewe unaanza kwa kuchekesha, na mara nyingi nikiusimulia huishia hapo hapo kwenye kuchekesha, halafu naomba chai. Leo nitausema wote. Ni aibu niliyoipata mbele ya watu wa kijiji chetu cha Bodo kizima, mchana kweupe, siku ya maziko ya mama yangu, na hakuna mtu aliyenisukuma.

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Nakaa Ukunda, na nyumba nyingi ninazopaka ni zile za wageni kule Diani. Katika nyumba moja nilikuta gari limetelekezwa chini ya banda la makuti, gari refu jeusi la kifahari, la watu wanaokaa nyuma wakaendeshwa (jina lake silitaji, limeshadharauliwa vya kutosha), mwenyewe Mzungu alikwisharudi kwao miaka mingi, chumvi ya bahari imekula milango, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mlinzi akaniambia linauzwa, na bei aliyoitaja ilikuwa bei ya pikipiki iliyotumika. Nikajiona nimeokota dhahabu. Mke wangu Saumu alipoliona likivutwa na trekta kuja nyumbani aliuliza neno moja tu, "Na kuku nao wamo kwenye bei?"

Nilihangaika na gari hilo miaka miwili pamoja na fundi mmoja wa kutoka bara, Njoro, kijana mpole mwenye banda la magari nyuma ya soko. Vipuri vyake halisi vilikuwa ghali kuliko gari lenyewe, kwa hiyo tulilitibu kwa tulichokipata: pampu ya lori, taa za gari jingine, swichi ya ukutani ya kuwashia feni, na betri kuukuu aliyoniuzia mtu aliyeapa kwamba ni mpya. Vioo vya madirisha vilikwama chini, havikupanda tena. Na gari lenyewe halina springi kama magari ya watu wengine, limekalia mifuko ya hewa, basi ukilizima tu hewa huvuja, nalo hushuka polepole mpaka tumbo likagusa ardhi.

Mwaka wa pili wa tiba hiyo, mama yangu, Bi Mwanajuma, alikuja kukaa kwangu kutibiwa macho. Kila alipokwenda kulala ugenini mama alibeba furushi dogo la kitambaa cha kijani, na ndani yake ni sanda yake. Kwetu wazee wengi waliojaliwa kwenda Hija hununua sanda kule kule Makka, wakaichovya katika maji ya Zamzam, wakaianika, wakarudi nayo nyumbani kuingojea siku yao. Mama aliuza minazi ya urithi wake akaenda, akarudi na tende za majirani na sanda yake. Kila mwezi wa Shaaban aliitoa, akaifukiza udi, akaikunja upya. "Nguo zote nilizovaa maishani nimenunuliwa na watu," alikuwa akisema, "hii nimejinunulia mwenyewe."

Jioni alikuwa akikaa barazani kwangu akimsikiliza Njoro akiwasha na kuzima. Siku moja gari liliposhuka na kukaa kitako alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwanangu, lapiga magoti kama ngamia," alisema. "Basi ngamia wako akipona ndiye atakayenirudisha Bodo." Nikamwambia, "Wiki moja tu, mama." Nilisema wiki moja tu kwa muda wa wiki sita. Mwisho akachoka kungoja, akapanda gari la abiria, na mimi nikamkimbilia stendi na furushi lake nikidhani amelisahau. Akanirudishia mkononi.

"Kaa nalo," alisema. "Gari likipona, uniletee kwa gari hilo. Nitakaa ndani ya gari la mwanangu, unizungushe Bodo, ndipo nilipokee furushi langu."

Nilimwelewa. Alikuwa akinipa sababu ya kulimaliza, kwa sababu alikwisha kuniona nimeanza kukata tamaa, na watu wa mtaani walikuwa wakiniita Bwana Banda la Kuku.

Gari lilipona siku ya Jumatano, na kupona kwenyewe kulikuwa na masharti. Njoro alinisimamisha nyuma ya gari akanionyesha buti. Lile buti hujifunga kwa umeme, ukilisukuma kidogo tu lenyewe linavuta na kujibana, na tundu la ufunguo lilikuwa limejaa kutu. "Buda, hii usiifunge," aliniambia, na akalifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi, likabaki wazi kidogo, upana wa vidole viwili. "Betri iko huko ndani ya buti. Ikikufa na buti imefungwa, huna pa kuishikia. Na usizime injini ovyo." Nikamwambia sawa. Nilipanga kwenda Bodo Ijumaa.

Alhamisi, baada ya sala ya Alfajiri, dada yangu Mwanasiti akanipigia simu. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama. Alisema, "Kaka, mama ametutoka," akalia, nami nikalia, halafu akajikaza, kama wanavyojikaza wanawake penye kazi ya kufanya. "Tunazika Adhuhuri. Waoshaji wameshaitwa. Panda pikipiki, furushi ulishike mkononi, tunaingojea sanda yake."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo. Niliweka simu chini, na kabla machozi hayajakauka nilikuwa nimeshashika ufunguo wa gari. Saumu aliuona. Akaniambia, "Mume wangu, si leo." Nikamwambia mama mwenyewe aliniagiza nimpelekee kwa gari. Akaniambia, "Basi nipe furushi nitangulie nalo." Nikakataa, nikasema ameniagiza mimi. Na ni kweli aliniagiza mimi, lakini nikisema ilikuwa kwa ajili ya agizo peke yake nitakuwa nadanganya, kwa sababu nilijua msibani watakuja watu kutoka Funzi, Msambweni mpaka Tiwi, na nilitaka Bwana Banda la Kuku aonekane ameteremka kwenye gari lake. Siku aliyokufa mama yangu nilikuwa nikiwaza hayo. Saumu akapanda pikipiki akaenda zake.

Barabara ya lami gari lilikwenda vizuri ajabu, furushi nimeliweka kiti cha mbele karibu yangu, nami nikizungumza nalo (naam, nilizungumza nalo), namwambia mama tazama, tumefika Msambweni na halijazima. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya kushuka Bodo vumbi likaanza kuingia madirishani, nikaogopa sanda isichafuke. Nikasimama, injini inaunguruma, nikafungua mpira, nikalitia furushi ndani ya buti juu ya gunia safi. Nilipotaka kuufunga tena ule mpira nikarudi nyuma hatua mbili nikalitazama gari. Jeusi, limeoshwa, linameta. Na nyuma yake ukanda wa mpira wa tairi, kama mzigo wa mkaa.

Nikajiambia vumbi litapita kwenye ule uwazi. Lingepita kweli, lakini ningeweza kuzungushia gunia. Nikautupa mpira kichakani, nikalisukuma buti kwa kidole kimoja, nalo likavuta, likajibana taratibu, kwa adabu zote. Nilipendezwa nalo, ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote.

Bodo nilifika watu wameshajaa. Badala ya kusimama mbali kama wenye akili nikalipitisha gari kwenye ujia mwembamba baina ya nyumba ya mama na ukuta wa jirani, nisimame mlangoni kabisa. Watu wakabana ukutani kunipisha. Injini ilikuwa ikinguruma (bomba la moshi tulilichomelea kwa bati), na ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakisoma Yasini. Mjomba Bakari, ndugu wa mama, ndiye aliyesimamia mambo yote, na alitoka barazani akanionyesha kwa mkono, zima. Ningefanyaje? Nikazima.

Gari likashusha pumzi, likapiga magoti palepale ujiani. Nikashuka, nikampa mjomba shikamoo, akaitikia marahaba na kunishika bega, akasema, "Lete sanda, mwanangu, waoshaji wako tayari." Nikaenda nyuma, nikabonyeza kitufe cha buti. Kikalia tk. Nikabonyeza tena, hakikulia kitu. Nikarudi kuwasha injini, taa zikafifia zikazimika zote, halafu king'ora cha wezi kikaanza. Njoro alikuwa hajaniambia kwamba kile king'ora kina betri yake ndogo, kwamba betri kubwa ikikata chenyewe hudhani gari linaibiwa.

Kililia kwa muda mrefu. Yasini ikakatika ndani. Wanaume waliokuwa wameinamisha vichwa wakaviinua, na mimi nimesimama nabonyeza ufunguo hewani kama mtu anayefukuza nzi. Kilipojinyamazia, mmoja akaleta mtaimbo. Pigo la kwanza tu kwenye buti, kikaanza tena. Tukangoja kinyamaze. Tukajaribu kupenyeza mikono nyuma ya kiti cha nyuma, kumbe kuna chuma na tangi la mafuta. Nikafungua boneti, nikapapasa nyaya, mikono ikawa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Njoro simu yake haikupatikana. Tukapiga tena mtaimbo, kikalia tena, na safari hii Mwanasiti akatoka mlangoni mwenyewe, amejitanda leso, macho mekundu.

"Kaka, iwapi sanda ya mama?"

Nikamwonyesha buti. Nilimwonyesha kwa kidole tu. Akalitazama, akanitazama, akalitazama lile gari lililolala kwa tumbo. Akarudi ndani.

Nikauchukua mtaimbo nipige mwenyewe, mjomba akaushika. "Acha," alisema. "Dada yangu anaoshwa ndani. Haoshwi maiti kwa kelele hizi." Nikamwambia, "Mjomba, ni sanda yake ya Makka." Akasema, "Najua. Nilimsindikiza siku alipokwenda. Lakini maiti hangojeshwi kwa ajili ya gari." Akamtuma mtu dukani akanunue bafta nyeupe ya sanda. Nilisikia Mwanasiti akiichana pale ndani, ile sauti ya kitambaa kikichanika, na furushi lilikuwa hatua sita kutoka pale alipokaa.

Hamjasikia yote. Baada ya sala jeneza lilipaswa kupita ule ujia, na ujia ulikuwa umezibwa na gari lisiloweza kusukumwa, kwa kuwa limekaa chini. Upande wa pili ni ukuta na jiko la jirani. Wanaume wakajipanga huku na huku, wakaliinua jeneza juu ya vichwa, wakalipitisha juu ya paa la gari, mikono kwa mikono, wakisema la ilaha illa Llahu polepole wasije wakaligusa gari, king'ora kikalia tena. Mama yangu alitaka kukaa ndani ya gari la mwanawe. Hapo ndipo alipolikaribia kuliko siku zote.

Kaburini tuliteremka mimi na mjomba. Nilikuwa nimejisugua mikono kwa mchanga na maji, lakini grisi haitoki kwa mchanga, na nilipompokea na kumlaza, alama ya vidole vyangu vinne ikabaki kwenye bafta, ubavuni. Mjomba aliiona. Akautupia udongo wa kwanza upande ule.

Siku ya tatu, watu wakisoma hitima, Njoro akaja kutoka Ukunda na betri nyingine na waya. Alilala chini ya gari, akapenyeza waya mahali fulani, na buti likafunguka kabla chai yake haijapoa. Furushi lilikuwa pale pale juu ya gunia, safi, halina hata chembe ya vumbi, na udi ukanukia mpaka barazani. Njoro akavua kofia. "Pole sana, buda," alisema, na akaenda kukaa mbali.

Nikalichukua nikampelekea Mwanasiti. Nilitaka alikatae, alie, anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaliweka juu ya kitanda cha mama.

"Hili nitakaa nalo mimi, kaka," alisema. "Nikifa kabla yako, msilete kitu kwa gari."

Hajawahi kuniambia neno jingine juu ya siku ile, na tunazungumza vizuri, hunipikia wali wa nazi nikienda. Lakini tangu hapo, mambo ya ukoo yakitokea, harusi au msiba, watu hupewa vya kubeba, huyu mchele, yule mikeka, na mimi huambiwa nije tu. Gari niliwaachia walivute wenye vyuma chakavu, sikuwauliza watanipa nini. Na nimeapa, mtu akinipa kitu cha mama yake nimfikishie, nitakishika mkononi, na nitakwenda kwa miguu. Hakuna aliyenipa bado.