Asiyeitika Salamu

Nawafundisha uongozi vijana wanaolima matikiti hapa Siyu, na somo la wiki ile, msicheke, lilikuwa ujasiri.

Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kukagua shamba lao, maana wageni walikuwa waje kuona mavuno. Katikati ya matikiti alisimama mtu mwenye kanzu na kofia, kanipa mgongo. Nikatoa salamu. Kimya. Nikairudia kwa sauti. Akapunga mkono taratibu, lakini hakuitika. Mwislamu gani wa Siyu asiyeitika salamu? Nikaanza kusoma Ayatul Kursi ya kujikinga, nikaisahau katikati, nikatoka mbio na kiatu kimoja hadi msikitini, nikilia kwamba shamba limeingia jini.

Wanaume walirudi nami na bakora. Tukamkuta Fatuma, binti aliye mwenyekiti wa vijana wale, akimfunga upya yule jini, kumbe ni vijiti na makuti.

"Tulimsimamisha jana jioni, Mwalimu, afukuze tumbili," alisema kwa adabu. "Hawajagusa hata tikiti moja."

Kisha akashusha sauti, ingawa wote walisikia.

"Kanzu ni yako. Mkeo ndiye aliyetupatia. Alisema ukiivaa wewe, hata kuku hawaogopi."