Mguu Uliomuua Inyamanza

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mtaa wa Gitega, inyamanza aliheshimiwa kuliko mgeni. Ni ndege mdogo, mweusi na mweupe, anayetikisa mkia muda wote, na akitua uani kwetu hakuna aliyethubutu kumfukuza. Watoto tulichapwa hata kwa kumrushia ganda la ndizi. Bibi yangu, aliyemzaa mama, alikuwa binti wa ukoo wa Bagesera, na huyo ndiye ndege wao. Wanasema akitua kwenye kiwanja kipya, nyumba itakayojengwa pale ina baraka. Na Bibi huyohuyo alisali rozari kila jioni. Siku moja nilimuuliza padri anasemaje juu ya mambo ya ndege. Akanijibu kwamba padri hajawahi kuuliza.

Mjomba Fideli, kitinda mimba wake, alikuwa straika. Simsifii kwa kuwa ni mjomba wangu, waliomwona watakwambia. Familia ilikuwa imerudi kutoka uhamishoni Bujumbura, nchi jirani, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, na Mjomba alirudi na mguu wa kulia ambao makipa walikuwa wanauogopa. Mwaka huo timu moja ya Dar es Salaam ilikuwa inamfuatilia. Ilisemekana wangekuja kumtazama kabla ya msimu kwisha, na akiwapendeza, wangemchukua. Hakuwa na ndoto nyingine. Alikuwa ameanza hata kutusahihisha Kiswahili chetu, ati Watanzania watatucheka.

Jumamosi moja alinichukua mazoezini, Masaka, pembeni mwa mji, kwenye uwanja wenye nyasi za kubahatisha. Inyamanza hupenda viwanja vya namna hiyo kwa sababu ya wadudu. Mjomba alipiga shuti la chini, la nguvu, na inyamanza mmoja alikuwa kwenye njia ya mpira. Wachezaji wenzake walicheka, mmoja akasema leo mboga imepatikana. Mjomba naye alicheka. Mimi nilimwokota yule ndege nikamfunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, maana alikuwa bado wa moto na niliamini ataamka.

Hakuamka. Bibi alipofungua kile kitambaa alikaa chini. Akamwambia Mjomba wamzike pamoja, na yeye aliyemuua aombe radhi kwa mdomo wake, basi yaishe. Kuua ndege wa ujombani kwako si sawa na kuua ndege yeyote, alisema, na mguu uliomuua inyamanza hautulii. Mjomba alikuwa na wenzake wawili mlangoni wakimsubiri. Nadhani hilo ndilo lililoharibu mambo.

"Mama, ile ni ndege tu," alisema, akatoka.

Bibi akanituma dukani kununua sabuni. Niliporudi ndege hakuwepo, nami sikuuliza.

Baada ya hapo magoli yalikauka. Mechi ya kwanza tulisema bahati mbaya, ya pili tukasema refa, na baadaye tukaishiwa na cha kusema. Mtu asiyejua mpira angedhani amechoka. Lakini mimi niliyekuwa nakaa nyuma ya goli nilimwona: kila alipopata mpira ndani ya kumi na nane, kabla ya kupiga, alitupa jicho kwenye nyasi mbele yake. Kidogo tu. Beki hahitaji zaidi ya hapo. Watu wa Dar walikuja, wakamtazama akifanya hivyo kipindi kizima, wakaondoka na straika wa timu pinzani. Mashabiki waliokuwa wakimwimba wakaanza kumzomea, na kocha akamweka benchi.

Nyumbani hakuna aliyetaja ndege. Mjomba aliona aibu kukiri kwamba anaamini, na Bibi hakuwa mtu wa kurudia neno.

Mwishowe Mjomba alikuja Jumapili moja baada ya misa. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda karibu na Bibi aliyekuwa akichambua maharage, na mimi nilikuwa nachambua naye. Akasema, akiangalia sakafu, "Mama, niondolee."

"Nikuondolee nini?"

"Ile mambo ya ndege."

Bibi aliacha maharage. "Mwanangu, nilimuzika siku ile ile, pale nyuma. Nilikuombea radhi kwa watu wa kwetu. Ilishaisha zamani. Wewe huna kitu."

Nilitegemea Mjomba afurahi, mimi mwenyewe nilifurahi. Yeye alifunika uso kwa viganja viwili akalia, na Bibi hakuelewa analilia nini. Nami sikuelewa, mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mkosi unaweza kuondolewa. Yeye aliambiwa kwamba hakuwa nao, kwamba zile mechi zote, na Dar yenyewe, alizipoteza peke yake.

Hakurudi kuwa yule wa zamani. Alicheza misimu michache kwenye timu ndogo, kisha akasomea ukocha, na huko mambo yamemwendea vizuri. Bibi alishafariki.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama akifundisha. Straika wake mmoja, kijana aliyekuwa amekaukiwa magoli, aliamini kwamba jirani amemroga. Baada ya mazoezi Mjomba alimpeleka kwenye bomba, akamvua viatu, akamwosha mguu taratibu huku akinong'ona maneno ya Kinyarwanda, uso wake mkavu kabisa. Kijana aliondoka anatabasamu. Nikamuuliza Mjomba kama yale maneno alifundishwa na Bibi.

"Bibi yako hakunifundisha kitu," alisema. "Nimeyatunga mwenyewe."

Nilikuwa tayari kucheka, sikuweza. Nilimfikiria Bibi na maharage yake. Siku ile angeinuka tu, akachota maji kwenye kata, akamnyunyizia mwanawe na kumwambia sasa nimekuondolea, naamini Jumapili iliyofuata Mjomba angefunga. Lakini alimpenda mno, na hakuwahi kumdanganya hata mara moja.