Vichwa vya Jumamosi

Miaka ishirini na miwili alikata sabuni kiwandani, na wenzake wakambandika jina la Sekunde, maana mkono wake haukujua kuchelewa. Kipande kikiharibika alikitupa kwenye kreti, kikayeyushwa upya, yakaisha. Kiwanda kilipofungwa, mdogo wake mwenye saluni akamchukua awe muosha vichwa. Damu nzito kuliko maji.

Jumatatu ya kwanza hakukuwa na mteja hata wa dawa. Sekunde akahangaika, mara afagie, mara akunje taulo zilizokwisha kunjwa.

"Kiwandani siku kama hii tungetengeneza sabuni za Jumamosi, tukaweka ghalani."

"Dada'angu," mdogo wake akacheka mpaka machozi yakamtoka, "hivyo vichwa vya Jumamosi nikuletee kutoka wapi?"

Kicheko hakikudumu. Sekunde aliosha kila kichwa dakika nne kamili, kiwe cha bibi au cha mtoto, na kusugua alisugua haswa. Sabuni haijawahi kumwambia mtu "unaniumiza". Wateja walisema, tena kwa sauti, na wawili wakahamia saluni ya jirani. Mdogo mtu akajikaza: "Nakupenda, dada, lakini mwezi ukiisha hivi hivi, itabidi niweke mtu mwingine." Sekunde aliitikia tu. Pengine pa kwenda hakuwa napo.

Zikiwa zimebaki siku tatu, akaingia mama mmoja, akaketi, kitambaa hataki kukivua. Alipokivua, nywele zilikuwa mafungumafungu, katikati upara.

"Nimetoka kuugua," akasema, kama anayeomba radhi.

Sekunde aliona aibu, kwa kuwa wazo lake la kwanza lilikuwa kreti. Akayapima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea kichanga.

"Yanakufaa hivi, mama?" Swali hilo hakuwahi kumuuliza mtu.

"Ongeza moto kidogo."

"Na hapa, panauma?"

"Hapo ndipo. Taratibu, mwanangu."

Vidole vilivyozoea kukimbia vikawa vinangoja jibu. Yule mama akafumba macho, akalia kidogo, kisha akapitiwa na usingizi palepale kwenye sinki. Waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza wote ili asiamke.

Nusu saa baadaye alifunga kitambaa chake, akafika mlangoni, akageuka. "Huyu dada wa maji, mwezi ujao nitamkuta?"

Sekunde akainamia taulo.

"Utamkuta," akasema mdogo wake. "Huyo ni wa hapa."