Kompyuta Isiyo na Kitu Ndani

Baba alikuwa fundi wa umeme kwa miaka mingi, akipitisha nyaya kwenye majengo ya Upper Hill, Nairobi, na hakuwahi kuelewa mimi nafanya kazi gani kwenye majengo hayo hayo. Nikimwambia naandika programu, aliitikia kwa heshima, kisha akaniuliza kama nimekula.

Alipostaafu akaja kukaa nami mtaani Mountain View, papo hapo Nairobi. Jumamosi moja asubuhi alinikuta nikitoa kompyuta kuukuu kabatini. Diski yake ilikuwa imekufa.

"Hiyo ni ya kutupa?"

"Hapana, Baba. Inawaka. Ni vile tu haina kitu ndani."

Akavuta kiti. "Kama haina kitu ndani, inawaka ifanye nini?"

Kazini hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri namna hiyo. Nikamweleza kwamba kompyuta tunazotumia zina mfumo endeshi, programu kubwa inayosimamia nyingine zote, lakini mtu anaweza kuuacha kabisa, akaandika maagizo machache na kuyakabidhi kwa mashine yenyewe. Ikiwashwa, mashine husoma sehemu ndogo ya mwanzo wa flashi iliyochomekwa, yenye nafasi ya herufi mia tano na kumi na mbili tu, na kufanya kilichoandikwa hapo.

"Kwa hivyo ni wewe na mashine," akasema. "Hakuna mtu wa katikati."

"Hakuna."

"Fanya nione."

Niliandika kwenye laptopu ya kazi, yeye amesimama nyuma yangu. Maagizo hayakufika mistari ishirini: chukua herufi, ionyeshe, chukua inayofuata, zikiisha simama. Nikayahamishia kwenye flashi, nikaichomeka, nikawasha ile kompyuta kuukuu. Skrini ikabaki nyeusi. Nikarudia. Nyeusi. Nikasoma mistari yangu mara tatu, nikaanza kuona aibu, maana nilitaka sana anione nikiiweza kazi yangu.

Baba hakucheka. "Mami," akaniita kama alivyoniita tangu utotoni, "umeanzia wapi kuangalia?"

"Juu."

"Sisi taa ikikataa, tunaanzia mwisho wa waya. Huko ndiko watu husahau."

Nikashuka hadi mwisho. Kuna alama mbili ambazo lazima zifunge sehemu ile, ndipo mashine ijue kwamba hapo pana programu ya kuanzia. Sikuwa nimeziweka. Nilicheka hadi nikashika meza. Nikaziweka, nikawasha tena, na herufi nyeupe zikatokea: HABARI YA ASUBUHI BABA.

Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaijibu kwa sauti, kwa Kikamba.

Hakutaka niizime. Tulikunywa chai mbele yake, yeye akiuliza, mimi nikimchorea kwenye karatasi jinsi umeme unavyogeuka kuwa herufi. Michoro hiyo aliielewa upesi, hata akanisahihisha mahali pamoja.

Jumatatu alikwenda Kinoo akamleta rafiki yake, fundi mwenzake wa zamani. Niliporudi kutoka kazini niliwakuta mezani, kompyuta imewashwa na kuzimwa sijui mara ngapi, wakibishana.

"Umeme haujui kusoma," Baba alikuwa akimwambia. "Anayejua ni huyu msichana wangu."

"Basi na mimi anisalimie," mgeni akasema.

Nikavua viatu, nikamwuliza jina lake linaandikwaje.